Kikombe cha Barafu Kutoka Lusaka

Mwanangu Oresta,

Sina haja ya kuanza kwa kukuuliza hali, maana nakusikia hapo chumbani mkibishana na mdogo wako Deo juu ya zipu ya begi. Yeye anasema ipakwe sabuni, wewe unasema mshumaa. Jua ndiyo linazama, upepo umeanza kuyapiga mabati, na mama yako ameinjika maharage. Mimi nimekaa mezani na karatasi hizi nilizozichomoa katikati ya daftari ili zisiache jani moja linaning'inia. Unanijua.

Mambo ya sweta, ya mahali pa kuficha hati ya kusafiria, ya kutoshika mzigo wa mtu mpakani, mama yako ameshayasema, na yaliyobaki atayasema kesho asubuhi mbele ya abiria wote. Mimi nayaruka. Nataka kukuandikia jambo ambalo sijawahi kukutamkia, ingawa nadhani umelijua muda mrefu. Nilipokuwa nachelewa kukubali uende Lusaka, haikuwa kwa sababu ya umbali. Haikuwa kwa sababu ufundi wa friji ni kazi ya wanaume, wala kwa sababu Sumbawanga, kwa baridi yake, hakuna mwenye shida ya friji. Hayo niliyasema, na la mwisho nililirudia mpaka mama yako akaniambia hata bomba letu la maji limeshasikia. Ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu. Bado ninao. Naandika nikiwa nao.

Wewe unamjua baba yako mdogo Filibeti akiwa mtu mzima mwenye kitambi na vicheko. Mimi namjua tangu tukilala kitanda kimoja kule Msanzi, akinivuta blanketi. Mimi ndiye niliyepelekwa sekondari. Tangu kidato cha pili nilikuwa na hamu moja, kufika Lusaka, na sababu yake ni ndogo: kitabu cha jiografia kilikuwa na picha ya barabara pana yenye miti katikati, na chini yake ramani ya mji. Niliinakili ramani hiyo kwa penseli, nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Filibeti alilala chini yake na hakuwahi hata kuuliza ni ya wapi. Kisha akashuka Kasanga kubeba mizigo bandarini, akapata nafasi kwenye boti iliyokuwa ikipeleka dagaa Mpulungu, ng'ambo ya Zambia, na barua yake ya kwanza kwetu ikaandikwa Lusaka. Mimi nilikuwa na ramani, yeye alikuwa na miguu. Wazazi waliposomewa barua ile walishangilia, nami ndiye niliyeisoma kwa sauti. Nilipomaliza niliingia ndani nikaibandua ramani.

Kwa hiyo mwaka juzi, wewe ukiwa kidato cha tatu na Deo ameanza cha kwanza, niliposema likizo ya Juni nitawapeleka nje ya nchi mkaone jiji kwa siku tatu, mlidhani nawapeleka nyinyi. Nilikuwa nampeleka yule kijana wa kidato cha pili. Nyinyi mlikuwa ruhusa yake.

Mlicheka sana nilivyoipanga safari ile. Nilibandika ratiba kwenye mlango wa kabati: siku, mahali, namna ya kufika, chakula. Safari ya mtunza stoo wa shule haiwezi kuwa ya mahoteli, kwa hiyo niliandika tutabeba unga wa ulezi, maharage na samaki wakavu wa migebuka, na kila mmoja angekuwa na begi moja ambalo angeweza kulibeba mwenyewe mwendo wa nusu saa. Niliwafanyisha mazoezi ya kulibeba kuzunguka uwanja wa shule. Deo alipoona ndoo ya unga imefungwa kamba aliniuliza kama tunahama. Nilifuatilia hati zetu za dharura na kadi za chanjo ya homa ya manjano mapema kabisa, nikazitia kwenye bahasha moja, na bahasha kwenye mfuko wa plastiki. Katika yote hayo sikuona kosa. Aliyeliona ni mama yako, ambaye hakuwa hata anasafiri, maana mahindi yalikuwa bado uani. Aliisoma ratiba akiwa amesimama, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Baba Oresta, hii ni bajeti ya namna gani? Unabeba unga kutoka Sumbawanga ili kubana matumizi, halafu unalipia kitanda kwenye mji ambao ndugu yako ana nyumba?"

Nikamwambia sitaki kumsumbua Filibeti.

"Kumsumbua," akasema, "au kumsalimia?"

Wewe ulikuwa unapiga pasi. Uliinamisha kichwa ukaendelea na kola ileile kwa muda mrefu. Nadhani siku ile ndipo uliponijua.

Unajua kwetu watu wangesemaje. Mtu kufika mji wa mdogo wake na kulala nyumba ya wageni ni kumtangazia kwamba mmegombana. Nilijua, na bado niliiacha ile nyumba ya wageni ya kanisa kwenye ratiba. Nilitaka mji ule niwaonyeshe mimi. Nilitaka angalau siku tatu za kuwa mwenyeji mahali ambapo sijawahi kukanyaga.

Pale mpakani Kasesya, tulipokwisha kugongewa mihuri, Deo alisema simu imejirudisha nyuma saa moja yenyewe. Nikamjibu kwamba saa ya mkononi mwangu haijirudishi. Mlinieleza kwa adabu kwamba Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na mimi nikasema naelewa, ila sibadilishi saa kwa ajili ya siku tatu, nitakuwa napiga hesabu kichwani. Mlitazamana. Ilikuwa ni ubishi, lakini ndani yake kulikuwa na jambo jingine: sikutaka kuishi kwa saa za Filibeti.

Naye alikuwa stendi ya Lusaka anatusubiri. Mama yako alikuwa amempigia, na sijawahi kumlaumu kwa hilo. Alinipa shikamoo kwa mikono miwili, kwa heshima yote, nikaitikia marahaba kama karani anayepokea fomu. Kisha akachukua ndoo ya unga na begi langu, akaanza kutembea.

"Kaka, kule nyumba ya wageni nimeshapita," alisema bila kugeuka. "Nimewaambia mgeni wao amepata ndugu."

Mlicheka, wewe na Deo, na abiria mmoja tusiyemjua naye akacheka. Mimi nilitabasamu kwa meno. Jioni ile mkewe alipoufungua ule unga wa ulezi alipiga vigelegele, akaita jirani aliyekulia Mbala, wakausonga ugali, na watu wakala wakikumbuka kwao. Hata unga wangu wa kubana matumizi ukawa sherehe ya Filibeti.

Siku ya kwanza, kwa ratiba, ilikuwa ya jumba la makumbusho. Filibeti aliomba tupitie kwanza kwenye karakana yake, kidogo tu, aangalie kama vijana wamefungua. Tulitoka huko jioni.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka ilikuwaje mpaka ukaingia kule nyuma. Nakumbuka mafriji yamesimama kwenye mstari kama wagonjwa, mengine hayana milango. Nakumbuka alikuita, "We mgeni, njoo hapa. Weka sikio. Usiniambie unaona nini, niambie unasikia nini." Ukapiga magoti kwenye oili na gauni lako la safari, ukaweka sikio ubavuni mwa friji la mtu. Ulikaa hivyo. Kisha ukasema inajaribu kuwaka inashindwa, inajaribu inashindwa. Akawatazama vijana wake akasema mmesikia, huyu kafika jana. Toka hapo akawa anakuita fundi.

Na wewe ukageuka kunitafuta kwa macho. Hilo nalikumbuka vizuri, uligeuka. Ulikuwa na uso ambao sijawahi kuuona nyumbani. Mimi nimekukalisha stooni likizo ngapi, nikikuonyesha jinsi ya kupanga kadi za vifaa, nikidhani ukitulia vile ndiyo unapenda. Kumbe ulikuwa unanistahi. Uso wenyewe ulikuwa huu, na mtu mwingine ndiye aliyeutoa, kwa swali moja, akiwa anatafuna muwa. Nikaangalia saa yangu.

Siku ya pili uliomba kurudi karakana. Deo alikuwa ameshapotelea kwenye mpira na watoto wa Filibeti. Nikasema haya, kila mtu na yake, mimi nafuata ratiba, nikaenda peke yangu kwenye lile jengo la maduka lenye ngazi za umeme ambalo nilikuwa nimewaahidi. Sijawahi kuwasimulia ilivyokuwa kule. Mliuliza nikasema pazuri. Nilifika, nikasimama mbele ya zile ngazi, na sikupanda. Niliogopa hatua ya kwanza, mahali zinapotokea sakafuni. Kila nilipotaka kuinua mguu nilikuta watu nyuma yangu, nikawapisha. Alipita mtoto mdogo amelala mgongoni mwa mama yake. Walipita mabibi. Nilikuwa nimepanga kwamba wewe ungenishika mkono upande huu na Deo upande ule, nanyi mngedhani mimi ndiye ninayewashika. Bila nyinyi sikuwa na namna. Baada ya muda nikanunua soda, nikainywa nimesimama, nikarudi.

Nikiwa nimekaa barazani kwa Filibeti, na mambo hayo yote kichwani, ndipo ulipokuja unakimbia na kile kikombe cha plastiki.

Nakumbuka ulivyokuwa umekishika kwa mikono miwili, gauni limelowa kifuani. Ulikuwa unahema. Ulisema, "Baba, hii ni yangu. Nimeifungua mwenyewe, nimeunga bomba mwenyewe, baba mdogo alishika tochi tu." Ukaeleza kwamba kule karakana friji likipona huwekwa kikombe cha maji ndani, na maji yakiganda ndiyo kazi imekubali. Maji yako yalikuwa yameganda. Ulikuwa umeyatoa ukakimbia nayo ili niyaone.

Nikachungulia kikombeni. Jua la saa nane na mwendo wa kutoka kule karakana vilikuwa vimeshamaliza kila kitu.

Ningeweza kuuliza maswali mangapi, Oresta. Ningeweza kuuliza bomba la shaba linaungwaje, au uliogopa moto. Ningeweza kuuliza kama yalikuwa yameganda mpaka chini. Nikasema, "Maji haya hata Sumbawanga yapo."

Uliyamwaga polepole kwenye kile kichaka cha mchaichai cha mama yako mdogo, ukaingia ndani. Filibeti alikuwa amekufuata nyuma, amefika kwenye geti, amesikia. Tangu tuzaliwe ndiyo mara ya pekee niliyomwona ananitazama bila mzaha.

Yaliyofuata stendi siku ya kuondoka uliyaona mwenyewe, lakini hukujua yalikotoka. Nilitangulia na mizigo kuwahi viti, nikawaacha mkaagane karakana. Tulipatana saa tisa. Nilikaa juu ya mabegi na ile ndoo tupu. Saa tisa ikapita hamjaonekana, nikaanza kutembea huku na huku. Kila dakika niliyosubiri niliona kama naambiwa jambo. Mlipotokea, Filibeti katikati, mkono wake begani kwako, mnacheka, saa yangu ilikuwa inakaribia kumi. Nikasema mbele ya makondakta na wauza mayai, "Kama umepata baba mwingine, baki naye. Mimi nina watu wanaonisubiri nyumbani."

Deo aliangalia viatu vyake. Filibeti aliutoa mkono begani kwako taratibu, kama mtu aliyekutwa ameshika kitu cha watu. Na wewe ukasogea karibu, ukaniambia kwa sauti ndogo ili wale watu wasisikie:

"Baba, saa yako ni ya Sumbawanga."

Basi lilikuwa halijafunguliwa hata mlango. Mlikuwa mmewahi.

Ulinihifadhia heshima yangu, na mimi sikuwa nimekuhifadhia yako. Njia nzima mpaka Mbala ulimwachia Deo kiti cha dirishani, ukalala au ukajifanya kulala. Katika shajara yangu ya siku ile niliandika mstari mmoja: tumerudi salama, ratiba imefuatwa kwa sehemu. Nimeuangalia leo tena. Mimi ambaye huandika mpaka siku mvua ilipoanza na siku ilipokata, sikuandika neno juu ya kikombe.

Basi ulipomaliza kidato cha nne ukaleta ile fomu ya chuo cha ufundi cha huko, na barua ya Filibeti kwamba utakaa kwake na jioni utafanya kazi karakana, niliichukua nikasema nitaisoma kwa makini. Niliisoma kwa makini kiasi kwamba mwezi ukaisha. Nilikuletea habari za chuo cha ualimu. Nilisema mawingu ya siasa, nilisema baridi, halafu nikasema joto. Wewe ulikuwa unaitikia tu, "Sawa baba," na kila asubuhi fomu unaikuta palepale. Mwishowe mama yako alinikuta nimeishika, akaniuliza ninasoma nini ambacho hakijasomeka. Nikasema natafakari. Akasema, "Unatafakari kwa wivu. Saini, ugali unapoa." Nikasaini.

Lakini unajua kwamba saini si neno. Katika ukoo wetu mtoto akienda kuishi kwa ndugu, baba hamwachi aende hivihivi kama mzigo uliopakiwa. Anamkabidhi kwa mdomo. Anasema, huyu ni mwanao. Babu yako aliwahi kumkabidhi mtoto hivyo, na mimi nikiwapo. Bila maneno hayo mtoto hula huko, hulala huko, lakini ni mgeni: mwenyeji anaogopa kumkaripia, na yeye anaogopa kufungua chungu. Wiki hii yote Filibeti amepiga simu kila jioni. Ameuliza habari za basi, za hati, za mahali utakaposhukia. Mimi najibu basi, hati, mahali. Mwishoni huchelewa kukata simu, nami namtakia usiku mwema. Alikuwa anasubiri neno lake, na mimi nimelikalia.

Maana ukimwambia mtu hivyo, huwezi tena kumwonea wivu kwa haki. Ndiyo maana nilikuwa nalibakiza.

Leo mchana, mlipokwenda sokoni na mama yako, nilimpigia. Nilifunga mlango kabisa. Tulisalimiana sana, hali ya watoto, hali ya mvua, mpaka salamu zikaisha. Nikamwambia, "Filibeti, kuhusu Oresta. Huyu ni mwanao."

Akasema, "Asante, kaka. Nimempokea."

Alisema haraka mno. Nikuambie ukweli, nilitaka asite. Nilitaka aseme hapana kaka, huyu atabaki kuwa wako. Nilimsubiri, hakusema. Halafu nikasikia anapenga kamasi, na akaniambia kwamba ramani ile ya penseli niliyoibandua Msanzi, aliiokota. Alipokuja likizo yake ya kwanza aliikuta imekunjwa nyuma ya kabati. Anayo. Alisema siku aliyofika Lusaka hakuwa na mtu wala mahali, lakini alizijua barabara tatu kwa majina, kwa sababu ndizo zilizokuwa juu ya uso wake kila alipoamka. "Nilidhani unajua, kaka," akasema. Nilikuwa sijui. Nimekata simu nikakaa. Sasa ana mji, ana ramani, na kuanzia kesho ana wewe, na siwezi kumchukia hata kwa moja.

Usidhani nimekuandikia ili uende huko ukimkwepa kwa ajili yangu. Nisingeweza kuvumilia hilo pia, ungenifanya mtu mdogo. Mcheke. Akuite fundi. Ukipiga magoti kwenye oili, sawa. Akikukaripia, nyamaza kama unavyoninyamazia mimi, au afadhali umjibu, kwani mimi kunyamaza kwako kulinikosesha mengi. Na kwa kuwa nimeanza kusema kweli, niseme na hii: si yeye peke yake ninayemwonea wivu. Kesho utapita Kasesya bila mtu wa kukushika bahasha, simu yako itajirudisha nyuma yenyewe, na hutabishana nayo. Umeuzidi kidogo tu umri niliokuwa nao mimi nikiitazama ile picha ya barabara yenye miti. Nakupenda na nakuonea wivu kwa pamoja, na sijaweza kuvitenganisha, ingawa kutenganisha vitu ndiyo kazi ninayolipwa.

Kuna jambo moja tu nakuomba, na si dogo.

Siku moja watakuachia friji peke yako, hakuna wa kushika tochi. Utaliunga, utalijaza gesi, utaliwasha, na utaweka kikombe cha maji ndani. Filibeti atakuwa amesimama hapo pembeni, anajifanya anatafuta bisibisi. Utakapofungua mlango ukakuta yameganda, usimwonyeshe kwanza. Toka nje na kikombe chako, unipigie. Usihesabu huku ni saa ngapi, mimi ndiye nitakayehesabu. Kigonge karibu na simu nisikie kwamba ni kigumu.

Kisha rudi ndani ukamwonyeshe baba yako mdogo, kabla hakijayeyuka.

Ni mimi, baba yako wa kwanza.